Hashakum, Mbwa wa Kwenye Shuka

Wajukuu zangu, na ninyi marafiki wa wajukuu zangu mnaokuja kila Jumamosi kunijazia sebule mtazame video, leo punguzeni sauti ya hilo sanduku mnisikilize. Juzi niliwaona mnatazama filamu ya mbwa aliyemtafuta bwana wake mji kwa mji. Mlilia. Hata huyu mkubwa wenu anayejifanya jabali alitoka nje akisema anakwenda kunywa maji, na mtungi uko humu humu ndani. Sikumcheka. Filamu ya namna hiyo mimi niliizungusha kabla baba zenu hawajaota meno, nikawaliza watu kutoka Bagamoyo mpaka Ubena, na niliwaliza kwa mdomo huu huu mnaouona umebakiwa na meno ya kuhesabu.

Kazi yangu ilikuwa mfasiri wa sinema. Ndiyo, ilikuwa kazi, na mshahara nilipokea. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, kulikuwa na gari la sinema lililozunguka vijijini na mashine yake, na jenereta yake, na shuka kubwa nyeupe ya kutupia picha. Filamu zenyewe zilisema Kiingereza, au hazikusema kitu. Basi alitakiwa mtu akae kando ya mashine na kipaza sauti, awaambie watu kwa Kiswahili nani anamwambia nani nini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa mzungumzaji tangu utoto, marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibisha.

Aliyenifundisha ni Fundi Sefu, mtu wa Bagamoyo mjini, mwembamba, asiyependa kupoteza petroli wala maneno. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, ndiye aliyekuwa fundi mashine. Alinifundisha kwanza shuka. Mnadhani shuka ni kutundika tu? Ukiitundika ikakabili upepo, kila mtu kwenye picha anaota kitambi. Pale Mbegani siku moja upepo ulimvimbisha bwana harusi tumbo mbele ya bibi harusi wake, akina mama wakapiga vigelegele kwa mume aliyebeba mimba. Tangu hapo nilijifunza kurusha vumbi kidogo hewani kabla ya kuchimbia miti, na kufunga mawe kwenye pindo la chini.

Jambo jingine la shuka ni kwamba picha inaonekana pande zote mbili. Kwa hiyo wanaume walikaa mbele na wanawake nyuma, stara ikapatikana bila ya kujenga ua. Lakini anayetazama kwa nyuma anaona kila kitu kimegeuka. Miezi mingi nilikuwa sijui kwa nini akina mama wanatoka wamekasirika. Mwisho bibi mmoja akanishika kanzu, akaniuliza, "Mwanangu, hao Wazungu wenu hawana wazazi? Wote wanakula kwa mkono wa kushoto!" Nilimweleza, hakuniamini. Nikamzungusha upande wa pili aone mwenyewe, akasema tumewabadilisha haraka haraka kwa kuona haya.

Na kufasiri nako kuna adabu zake. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuitazama filamu mapema, naujua mwisho wake, na mtu akijua jambo ulimi humuwasha. Ilikuwa filamu ya mgonjwa asiyetaka kwenda hospitali. Mgonjwa bado amekaa kitandani anakunywa uji, mimi nikatangaza, "Inna lillahi, huyu bwana ndiyo amekufa hivyo." Mama mmoja nyuma ya shuka akaangua kilio, wenzake wakamwitikia, na marehemu anaendelea kunywa uji wake. Fundi Sefu akazima mashine.

"Umemuua mtu na uji mdomoni," akaniambia. "Picha itangulie, wewe ufuate. Na picha ikinyamaza, nawe nyamaza. Kinywa ni jumba la maneno, lakini si lazima ufungue kila chumba."

Baadaye ikaja hiyo filamu ya mbwa. Kulikuwa na mchungaji mzee, anaishi mlimani kwenye nchi ya baridi na mjukuu wake wa kike na mbwa mweusi mwenye kifua cheupe. Siku moja mzee anateleza, anaangukia korongoni, mguu unavunjika. Mbwa anamlalia kifuani asife kwa baridi, kukicha anabweka mpaka watu wanakuja. Mzee anapelekwa hospitali ya mbali kwa treni, mbwa anaachwa. Basi mbwa anaifuata reli. Anapigwa mawe, anavuka mito, anafika kwenye mlango wa hospitali anachechemea. Anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena, hata mzee anatoka na magongo yake, anakaa kwenye ngazi, na mbwa anamwekea kichwa mapajani. Hapo hakuna neno wala muziki. Mbwa anafumba macho, na mkono wa mzee uliokuwa ukimpapasa unasimama. Basi. Filamu imekwisha.

Sasa oneni mtihani wangu. Ninyi mnataja mbwa mbele ya babu yenu kama mnaotaja mchicha. Sisi tulilelewa kwamba ukitaka kutaja kitu cha aibu au cha najisi mbele ya watu wazima, unatanguliza hashakum, yaani mniwie radhi kwa nitakalolitaja. Hashakum, choo. Hashakum, punda. Hashakum, mbwa. Na filamu yenyewe yote ni mbwa! Nikaanza vizuri: "Hashakum, mbwa anakimbia. Hashakum, mbwa anabweka." Kufika katikati koo limekauka, na picha inakwenda mbio kuliko adabu zangu. Nikaona nipunguze neno moja. Ningekuwa na akili ningepunguza hashakum. Mimi nikapunguza mbwa. "Hashakum anavuka mto! Hashakum amefika!"

Watu wakadhani ndilo jina lake. Ubena nzima ilimlilia Hashakum. Tuliporudi huko tulikuta mbwa hawapungui watatu wanaitwa hivyo, na tukasimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama kwenye baraza akasema, "Hashakum, nina neno kuhusu choo cha soko," watoto wote wakageuka kumtafuta mbwa. Fundi Sefu alicheka mpaka akasimamisha gari. Mimi sikucheka, nilijua wazee wananingoja kwa kulifanya neno la adabu jina la mbwa.

Vigwaza tulifika katikati ya kiangazi. Jumbe wa pale, mtu mpole lakini akisema amesema, alitupokea, akatuonyesha uwanja karibu na barabara. Tulipokuwa tunachimbia miti akatujia mzee mmoja ameongozwa na mbwa wa kahawia aliyefungwa kamba ya ukindu. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe yote mawili. Huyu ndiye Mzee Kondo.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayemsemea yule mbwa wa Wazungu?"

"Ndimi, mzee."

"Nasikia kila ukimtaja unamwombea radhi."

"Ni adabu tu, mzee."

"Adabu njema. Yule wenu mnamwombea radhi, huyu wangu wanamwombea risasi." Akacheka peke yake, kisha akanieleza.

Mbwa wake aliitwa Mtachoka. Lilikuwa jina la kuwasema majirani waliokuwa wakimnong'ona kwa kufuga mbwa. Alimfuga kwa ajili ya nguruwe wa shambani, na macho yalipokufa, mbwa akabaki anaijua njia ya shamba, mzee anamfuata kwa kamba. Mambo yalikwenda hivyo mpaka wiki iliyopita. Alasiri moja mzee yuko ndani ya msikiti anaswali, Mtachoka akaona kiu, akatia mdomo kwenye birika la kutawadhia, akanywa. Mnajua hukumu yake katika madhehebu yetu: maji yote yamwagwe, chombo kioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Na kisima kilikuwa kimekauka. Maji yale yote yalichotwa mtoni Ruvu, yakapandishwa kwa madebe juu ya vichwa vya wanawake. Aliyeongoza uchotaji ni Bi Mwajuma, jirani yake Mzee Kondo, mwanamke wa maneno makali, na ndiye aliyekwenda kwa Jumbe kusema kwamba yeye hana kichwa kingine cha akiba. Jumbe akaamua. Mwindaji mwenye gobori ameagizwa, atafika kesho asubuhi.

"Simlaumu Jumbe," akasema Mzee Kondo. "Birika ni la watu wote. Lakini huyu akiondoka, mimi shamba basi tena. Nitakalishwa ukumbini kwa mkwe wangu kama gunia, nisogezwe watu wakifagia. Mimi, mwanangu, niliyefyeka pori la huko bondeni kwa mkono wangu!"

Nikamwambia, "Karibu sinema, mzee," kisha nikauma ulimi, maana kipofu haambiwi njoo utazame. Yeye hakujali.

"Nitakuja kutazama," akasema. "Macho utakuwa wewe."

Alipokwisha kuondoka Fundi Sefu akafuta mikono yake kwa tambara, akaniambia, "Leo una mtu mmoja tu. Hao wengine wana macho yao."

Baada ya swala ya isha watu wakajaa, wanaume mbele, akina mama nyuma, Jumbe kwenye kiti chake. Mzee Kondo akauliza spika iko wapi. Ilikuwa ukingoni mwa shuka, mahali pasipo mbele wala nyuma. Akakaa papo hapo, akisema kwake yeye upande wowote ni sawasawa. Mtachoka akajilaza nyuma yake, mbali na mikeka. Na hatua mbili hivi kutoka alipokaa mzee, upande wa wanawake, nani amekaa? Bi Mwajuma. Alipomwona mbwa alikusanya kanga yake akasonya, nikamsikia mpaka kwenye mashine.

Sijapata kufasiri kama siku ile. Zamani nilikuwa nasema maneno ya watu tu, picha ikijisemea yenyewe. Siku ile nilisema mlima una rangi gani, mlango unafunguka upande gani, mbwa ametega sikio lipi. Theluji ilipoanza kuanguka nikasema, "Sasa juu kunamwagika kama sufi, lakini sufi ya baridi, inafunika nchi yote." Mzee Kondo akapaza sauti, "Si waiokote wajaze mito!" Uwanja mzima ukacheka, Jumbe naye. Mbwa wa kwenye shuka alipobweka kuita watu, Mtachoka akainuka akamjibu. Watoto wakapiga kelele, "Hashakum, umeitikiwa!" Hata wazee walionitazama vibaya kwa lile jina walisahau.

Lakini mbwa alipoachwa kwenye kituo cha treni, kicheko kilikwisha. Alipopigwa mawe nikasikia minong'ono ya "Masikini!" kutoka nyuma ya shuka. Alipofukuzwa mlangoni mwa hospitali, mzee mmoja mbele akasema kwa hasira, "Mwacheni aingie, amemfuata mtu wake!" Hawa ndio watu ambao kesho yake walikuwa wanangoja gobori. Nilitaka kusema hivyo kwenye kipaza sauti, nikakumbuka kwamba sikuajiriwa kutoa hotuba, nikaendelea na picha.

Tukafika kwenye ngazi. Nikasema, "Mzee anakaa. Hashakum anakuja, taratibu, mguu mmoja hakanyagii. Amemwekea kichwa mapajani. Mzee anampapasa." Kisha filamu ikanyamaza, nami kwa mazoea yangu yote ya kazi nikanyamaza. Mbwa akafumba macho. Mkono ukasimama. Uwanja ukawa kimya isipokuwa jenereta kwa mbali.

Ndipo Mzee Kondo akauliza, "Kuna nini? Mbona kimya? Mbwa kafanyaje?"

Nikashika kipaza sauti na sauti isitoke. Nawaambia kweli, niliogopa. Mtu ambaye kesho anauliwa mbwa wake, nimwambie nini? Nikisema amekufa, nimemuua Mtachoka kabla ya mwindaji. Nikisema ni mzima, watu wote wale wameona kwa macho yao. Akauliza tena, safari hii sauti imepanda, amegeuza uso wake huku na huku kama anayetafuta mlango.

"Nasema kafanyaje, jamani?"

Akajibiwa kutoka upande wa wanawake. Ilikuwa sauti ya Bi Mwajuma, lakini ilibidi nitazame mara mbili nihakikishe ndiye, kwa ilivyokuwa laini.

"Amelala, Mzee Kondo," akasema. "Safari imemchosha. Amefika kwa mtu wake, amelala."

Nikapata sauti yangu, nikasema kwenye spika, "Amelala." Na katika watu wote wale, watoto kwa wakubwa, hakuna aliyesema vingine. Hata wale watoto waliokuwa wakipiga kelele tangu mwanzo walifunga midomo. Nilisahau kuweka kipaza sauti mbali, nikavuta kamasi, spika ikalitangaza kwa Vigwaza nzima.

Asubuhi tulikuwa tunakunja shuka mwindaji alipofika, gobori begani, amekwisha kulishindilia. Jumbe akatoka. Watu wakakusanyika bila ya kuitwa. Mzee Kondo hakumficha mbwa wake wala hakuchelewa, alikuja mwenyewe na kamba yake, jembe begani, akasimama. Fundi Sefu, mtu wa kuhimiza safari, alikuwa anafunga kamba ile ile moja ya shuka, anaifungua, anaifunga tena.

Jumbe akasafisha koo. Kabla hajasema, Bi Mwajuma akatokea anatoka mtoni, debe la maji kichwani. Akalitua chini katikati ya watu.

"Jumbe, shikamoo."

"Marahaba, Bi Mwajuma."

"Maji ya kuosha birika nilichota mimi na wenzangu. Shingo iliyouma ni hii yangu. Mashtaka niliyaleta mimi. Sasa nayachukua, nakwenda nayo nyumbani. Nani mwingine anadai?"

Akawageukia watu. Wanaume wakatazama chini. Akina mama waliokuwa na madebe yao wakasema, "Hakuna."

Jumbe akapapasa ndevu zake kitambo. Hakuwa mtu wa kubadili neno, lakini alikuwa amekaa mbele kabisa jana yake, nami nilimwona akifuta uso kwa ncha ya kilemba. Akasema, "Basi sikilizeni. Mbwa atafungwa kwenye mkorosho ule kabla ya kila adhana, asivuke hapo. Siku akinywa tena, Bi Mwajuma, birika ni lako peke yako."

"Nitasugua."

"Na baruti yangu niliyokwisha shindilia?" akauliza mwindaji.

"Kapige nguruwe," akasema Jumbe, "wamejaa shambani kwa Mzee Kondo."

Watu wakatawanyika wanacheka. Mimi nikamfuata Mzee Kondo kumuaga. Lilikuwa linanikereketa, maana kazi ya mfasiri ni kusema kilichopo, na yeye peke yake katika mji ule ndiye aliyekuwa hajaambiwa.

"Mzee," nikaanza, "yule mbwa wa jana, pale mwisho..."

"Alikufa," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mwanangu, mimi na Mwajuma ni majirani tangu ujana wetu, na hajapata hata siku moja kunisemesha kwa sauti ile. Niliposikia vile nikasema, hapa ama mbwa amekufa, ama nimekufa mimi. Nikajishika goti, nikajiona nipo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta kamba, wakashika njia ya shamba, mbwa mbele, yeye nyuma.